Draya inazunguka saa nzima na nguo bado mbichi: tulioko ughaibuni tukutane hapa

Fundi wa Besimenti

Wakuu, salaam.

Baridi imeingia na simu zimeanza. Watu wameacha kuanika nje, draya, yaani mashine za kukaushia nguo, zinafanya kazi asubuhi hadi usiku, bili inapanda, halafu napigiwa: "Fundi, draya imekufa, inazunguka saa nzima na nguo bado mbichi." Mimi natengeneza mashine za kufulia na draya hapa Columbus, Ohio, na wateja wangu wengi ni watu wetu: Wakongo, Wasomali, Wakenya na Wabongo wenzangu. Nawaambia ukweli ambao unanipunguzia riziki. Mara nyingi draya haina ugonjwa wowote. Ama nguo zimeingia na maji mengi, ama hewa haina pa kutokea. Mengine ni madogo.

Tuanze na maji. Kugeuza lita 1 ya maji kuwa mvuke kunataka uniti 0.63 za umeme, hata kama mashine haipotezi joto hata kidogo. Hayo ni maumbile ya maji, hakuna kampuni ya kuyakwepa kwa njia ya hita. Draya ya kawaida inapoteza joto, kwa hiyo weka uniti 1 kwa lita, hutakosea sana. Sasa chukua kilo 5 za nguo kavu. Zikikamuliwa kwa mizunguko 800 kwa dakika zinatoka na maji kama lita 3 na nusu. Zikikamuliwa kwa mizunguko 1,400 zinabaki na lita 2 na nusu hivi. Lita nzima imeondoka, na mota iliyoiondoa imekula umeme wa kuhesabia senti. Ndiyo maana nikiingia kwa mteja siigusi draya kwanza. Naenda kwenye mashine ya kufulia, natoa taulo, nalisokota kwa mikono miwili. Likitoa matone, kazi yangu iko pale, na huyo mteja ameniita kwa ajili ya mashine isiyo na kosa.

Wengi wanafulia kwenye programu ya nguo laini kwa kuogopa nguo kuchakaa. Programu hiyo inakamua polepole mno. Ukimaliza kufua taulo, jinzi na mashuka, zungusha kitufe cha kukamua peke yake, zikamuliwe mara ya pili kwa kasi ya juu kabisa. Dakika chache tu.

Sasa hewa. Draya nyingi za hapa zinavuta hewa ya nyumbani, zinaipasha moto kwa hita ya wati 5,000 na ushee, zinaipitisha kwenye nguo, kisha zinaisukuma nje kupitia bomba la inchi 4. Ni mita za ujazo 3 mpaka 5 kila dakika. Kwa dakika 45 ni kama umeitoa nje hewa yote ya nyumba ya vyumba viwili, ile ambayo hita ya nyumba ilishaipasha, na ya baridi inaingia kupitia mianya ya milango kuziba pengo. Kwa hiyo wakati wa baridi draya inayozunguka muda mrefu inakutoza mara mbili: kwenye umeme wa draya na kwenye kupasha nyumba.

Juzi nimevuta draya ya familia moja kutoka ukutani. Nyuma kulikuwa na lile bomba la karatasi ya fedha, la kukunjika, limebanwa na mgongo wa draya hadi limelala bapa. Nililifungua, ndani kuna manyoya ya nguo yaliyolowa na kushikana tabaka juu ya tabaka, katikati kimebaki kitundu cha kuingiza vidole viwili. Nje ukutani, kile kifuniko cha kupepea kilikuwa kimejaa majani makavu: ndege alijenga humo tangu majira ya kuchipua. Mama mwenye nyumba alikuwa amekwisha chagua draya mpya dukani. Nikaweka bomba gumu la bati, fupi, kona moja, nikatoa kiota. Draya ile ile ya zamani ikakausha mzigo wa kwanza kabla sijamaliza chai.

Jipimeni wenyewe. Washa draya, toka nje, weka mkono kwenye tundu la hewa. Kifuniko kiinuke chote na hewa ikupige mkononi kwa nguvu. Kikiwa kinatetemeka tu, bomba limeziba. Dalili nyingine: nguo zinatoka za moto sana lakini mbichi, juu ya draya pakiguswa panaunguza, chumba kina unyevu na madirisha yanatoa jasho.

Bomba liwe gumu la bati, laini kwa ndani, fupi iwezekanavyo. Kanuni za ujenzi zinazofuatwa majimbo mengi zinaweka mwisho futi 35, na kila kona ya nyuzi 90 inakula futi 5 kwenye hizo. Usiunganishe kwa skrubu zinazochomoza ndani, zinashika manyoya. Tumia mkanda wa alumini. Usiweke wavu nje eti kuzuia panya, utaziba kwa wiki. Na lile bomba jeupe la plastiki ukilikuta kwenye nyumba ya zamani, litoe leo. Hili si la bili tu. Idara ya zimamoto ya serikali kuu ya Marekani ilikadiria kwa miaka ya 2008 hadi 2010 moto wa draya majumbani 2,900 kila mwaka, na chanzo kilichoongoza, asilimia 34, ni kutosafisha.

Chujio mnalijua, litolewe manyoya kila mzigo, sirudii. Ila wanaotumia vile vikaratasi vya kunukia vinavyotiwa kwenye draya pamoja na nguo: vinaacha utando wa mafuta kwenye wavu ambao huuoni kwa macho. Litie chujio chini ya bomba la maji. Maji yakisimama juu yake badala ya kupita, lisugue kwa brashi na sabuni ya vyombo. Utando huo huo unapaka vile vipande viwili vya chuma ndani ya draya, ambavyo ndiyo sensa ya unyevu. Nguo mbichi ikivigusa vyote viwili umeme kidogo unapita, draya inajua maji bado yapo. Vikipakwa mafuta, draya haijui tena. Vifute kwa siki au spiriti.

Sensa ikiwa safi, acha kukausha kwa kupanga dakika, iachie sensa iamue. Ukiiambia dakika 70 itazunguka 70, hata kama nguo zimekauka dakika ya 40. Na joto weka la kati au la chini.

Karibuni.

---

MamaPacha

Kaka fundi, Mungu akubariki. Niko Minnesota, na pacha wangu wa miaka mitatu naanua nguo kama nina hoteli. Maswali mawili. Kwanza, ukisema joto la chini si ndiyo itazunguka muda mrefu? Umeme si ule ule au zaidi? Pili, hapa jengoni draya ni za sarafu, tunalipa kwa muda, hatuna sensa wala bomba la kukagua. Sisi tufanyeje?

---

Fundi wa Besimenti

Dada, swali la kwanza wengi linawachanganya. Kinachokula ni hita, mota inakula kidogo. Joto likiwa kali, hewa inapita kwenye nguo kabla haijabeba maji ya kutosha, inatoka nje ikiwa bado ya moto. Hiyo ni pesa imepulizwa barabarani. Joto la chini linachukua muda mrefu zaidi lakini jumla ya umeme inashuka, na lastiki za nguo za watoto hazikakamai. Ukiwa na haraka ya shule, tumia la juu, hakuna atakayekukamata.

Za sarafu mchezo ni mwingine, pale unanunua dakika, kwa hiyo joto la juu ni halali yako. Kamua mara mbili kwanza kama mashine ya kufulia inaruhusu. Chagua draya ambayo mtu ametoka kuitumia, ngoma bado ya moto. Toa manyoya ya mwenzako kabla hujaweka sarafu, wengi hawatoi. Usijaze: ngoma ibaki na nafasi nguo zianguke, zisibingirike kama furushi. Na shuka la lastiki liweke peke yake au na nguo kubwa, maana linameza soksi na vijishati, unakuja kuvifungua vimelowa vilevile.

Halafu kuna jambo la Minnesota hasa. Hewa ya ndani wakati wa baridi huko ni kavu mno, ngozi inapasuka, watoto wanatoka damu puani. Nguo nyepesi anika ndani. Zinakauka usiku mmoja na chumba kinapata unyevu kinaouhitaji.

---

Kinyozi wa Leicester

Mkuu, ushauri wa kuanika ndani usiulete Uingereza. Huku hewa ya baridi ina unyevu tayari. Ukianika sebuleni na madirisha umefunga, mwezi haupiti unaona ukungu mweusi kwenye kona za ukuta nyuma ya kabati, na mwenye nyumba anakuambia "ni maisha yenu". Nimeshuhudia kwa watu wetu wengi.

Na draya zetu si kama zenu. Nyingi hazina bomba la nje, zinageuza mvuke kuwa maji kwenye tangi unalomwaga. Zinachomekwa kwenye soketi ya kawaida. Ile ya aina ya zamani mzigo wa kilo 8 unakwenda uniti 4 na nusu mpaka 5. Uniti ikiwa peni 25 na ushee, hiyo ni pauni na zaidi kwa mzigo mmoja. Nimeihama, nimechukua ya pampu ya joto, mzigo ule ule uniti 2 hivi. Inachukua masaa, lakini hainiumizi.

Kwa asiye na uwezo wa kununua: kuna mashine ya kunyonya unyevu, inakula wati 200 au 300. Funga nguo kwenye chumba kidogo na hiyo mashine, mlango ufungwe, asubuhi zimekauka na ukuta uko salama.

---

Fundi wa Besimenti

Kinyozi umesema kweli tupu, nimejifunga na Marekani. Kwa wasiojua: pampu ya joto inafanya kama friji iliyogeuzwa. Haitupi hewa ya moto, inaipoza maji yadondoke, kisha inaipasha hewa hiyo hiyo na kuirudisha kwenye nguo. Joto la kuvukiza maji linarudishwa kazini badala ya kwenda nje. Ndiyo maana inashuka chini ya ile hesabu yangu ya uniti 0.63 kwa lita.

Wenye nazo msisahau: manyoya yanapenya chujio na kwenda kukaa kwenye mapezi ya chuma ndani. Yakijaa, inarudi kuwa kobe na faida yote imekwisha. Someni kitabu cha mashine, kama mapezi yanafikika kwa mkono yapigwe brashi laini. Huku kwetu zimeanza kuingia, bei bado kali, ila kwa anayeishi ghorofani pasipo na tundu la nje ni mkombozi.

---

Mpiga Deki Hamburg

Naongezea hapo. Umoja wa Ulaya tangu Julai 2025 draya mpya zinazoingia sokoni lazima ziwe za pampu ya joto. Zile za hita tupu zimeshapigwa stop, waliobaki nazo waendelee kuzitumia. Kwa hiyo anayetaka kununua huku hana tena cha kujiuliza zaidi ya ukubwa na kelele.

---

Mjukuu wa Mbagala

Nyie watu mna raha. Yaani nguo inakaushwa na umeme 😂 Huku tumefua saa tatu, saa saba tumeanua. Kamba na vibanio, shilingi sifuri.

---

Fundi wa Besimenti

Mjukuu, nikiwa Dar na mimi naanika. Tena hesabu ya LUKU inakuunga mkono. Elfu kumi inakupa karibu uniti 28. Draya ya hita ikila uniti 4 kwa mzigo, ni kama shilingi 1,400 kila ukifua. Kwa jua lile ni wendawazimu. Masika ikikaza wiki mbili na sare za shule hazikauki, hapo ndiyo mtu anaanza kuitamani, na hata hapo mashine inayokamua vizuri na feni iliyoelekezwa kwenye kamba vinakufikisha.

Wa Marekani wenye ua, kamba si haramu. Kuna mitaa ambayo chama cha wamiliki wa nyumba kinakataza kuanika eti inaharibu sura ya mtaa. Florida sheria ya jimbo haikiruhusu kukataza kamba, na California kuanzia 2016 vilevile, ingawa chama kinaweza kuweka masharti ya wapi. Ulizeni jimboni kwenu kabla hamjatishwa na barua.

---

Muscat Bara Hindi

Sisi Muscat kiangazi kanzu inakauka kabla hujamaliza kuanika ya pili. Tatizo letu vumbi. Wengi tunaanika roshani, na draya tunaiwasha dakika kumi bila joto, hewa baridi tu, ipukute vumbi. Inakula kidogo sana.

---

Otieno wa Plano

Boss, thread safi sana. Niko Texas, kampuni yangu ya stima inatoa usiku bure, kuanzia saa tatu mpaka asubuhi. So mimi huweka nguo kwa draya nikienda kulala, asubuhi nakunja. Nikilipa zero, kuna haja ya haya yote ya kukamua?

Pia, wife alinunua zile mipira ya sufi, anasema zinapunguza muda. Ni ukweli ama ni biashara?

---

Fundi wa Besimenti

Otieno, soma tena pale kwenye zimamoto. Draya usiiwashe ukalala, wala usitoke nyumbani ukaiacha. Kama bure inaanza saa tatu usiku, fua saa mbili, saa tatu kamili ingiza kwenye draya, saa nne kasorobo umekunja, umelala kwa amani. Halafu mikataba ya usiku bure mara nyingi inapandisha bei ya mchana. Chukua bili, angalia kiyoyozi cha Texas kinakula kiasi gani mchana, ujumlishe.

Mipira inatenganisha nguo nzito zisishikane, na kwenye duvee la manyoya inasaidia kweli kulipiga lifumuke. Kwenye mzigo wa fulana na soksi sijaona tofauti ya kuandikia nyumbani. Faida yake kubwa kwangu ni kwamba inamuachisha mtu vile vikaratasi vya kunukia. Muache mama na mipira yake.

---

Binti Makorora

Jamani wanaume mmeongea mabomba tu, khanga na madera nani atayasemea?

Khanga mpya usiitie kwenye draya. Ina wanga wa kiwandani na rangi bado inatoka, ikizungushwa mbichi na shati jeupe umelipaka. Fua peke yake mwanzo, mimi huloweka na chumvi kama mama alivyonifundisha, anika. Tena khanga haina sababu ya draya hata baada ya hapo: kitambaa chembamba, itandaze juu ya mlango, ukirudi kumpeleka mtoto shule imekauka. Kitenge kizuri ulichoshonesha gauni kikikaushwa kwa moto kinarudi, na fundi alikupima bila nafasi ya kurudi. Kanzu za kitambaa cha plastiki dakika kumi zinatosha, zitoe zikiwa na joto uzitundike kwenye hanga, hupigi pasi.

Mimi mzigo wangu naugawa hivyo: taulo, jinzi na mashuka ndiyo ya draya. Vyepesi vyote kamba ya bafuni na feni ya bafuni imewashwa. Nimetoka kuwasha draya kila siku mpaka siku za taulo tu.

---

Fundi wa Besimenti

Binti Makorora amemaliza. Kugawa nguo nzito na nyepesi hata kwenye draya yenyewe kunasaidia: ukichanganya dera na jinzi, dera linakauka mapema linaungua bure likisubiri mkanda wa jinzi.

Na mizigo miwili ikifuatana, usiache ngoma ipoe katikati. Anza na nyepesi kisha nzito.

---

Mgeni Jiji

Fundi, yangu imeanza ghafla. Inazunguka vizuri, sauti ile ile, joto hakuna kabisa. Nimetoka kusafisha bomba kama ulivyosema, bado. Niagize hita?

---

Fundi wa Besimenti

Usiagize kitu bado. Kama ni ya umeme, nenda kwenye sanduku la swichi kuu. Draya inapata umeme kwenye njia mbili, volti 120 kila moja. Hita inazitaka zote mbili kwa pamoja, 240, mota inaridhika na moja. Swichi ikiwa imekatika upande mmoja, ngoma inazunguka na joto halipo. Izime kabisa mpaka mwisho, kisha iwashe. Sehemu kubwa ya simu za namna hii zinaishia hapo na mimi sitoki nyumbani.

Isiposaidia, kuna fyuzi ya joto nyuma, kipande kidogo kinachokatika kwa makusudi bomba likiziba na ndani pakizidi moto. Bei yake ndogo kuliko hita. Kwa kuwa bomba lako lilikuwa limeziba, naishuku hiyo. Chomoa draya ukutani kabla hujafungua skrubu hata moja. Ikiwa ni ya gesi, acha, ita mtu. Na ya gesi kamwe msigeuze bomba lipulizie ndani eti mpate joto la bure, moshi wake una hewa inayoua usingizini.

---

Mgeni Jiji

Ilikuwa swichi! Imerudi. Ubarikiwe sana.

---

Kontena la Tanga

Swali la mwisho mkuu. Napakia kontena kwenda nyumbani mwezi ujao, nina draya nzuri ya umeme, bado mpya. Niiweke? Nyumbani ni volti 230, hii imeandikwa 240, si zinakaribiana?

---

Fundi wa Besimenti

Usiiweke. Zinakaribiana kwa maandishi tu. Hapa ile 240 imegawanywa nusu mbili na waya wa kati, na mota pamoja na kadi ya umeme vinakula nusu, 120. Nyumbani kati ya waya wa moto na ule wa kati ni 230 nzima, ukiunganisha kwa mtindo wa hapa unachoma mota na kadi siku hiyo hiyo. Ukiongeza transfoma ya kushusha, bado umeme wa kwetu ni wa mizunguko 50 na mota hii imetengenezewa 60, itazunguka polepole, feni itasukuma hewa kidogo, na umeshasoma hewa kidogo inafanya nini. Tena hita yake peke yake itataka waya mnene na swichi yake kutoka kwenye mita.

Iuze hapo ulipo, wanafunzi wananunua haraka. Nafasi yake kwenye kontena weka mashine ya kufulia ya volti 230 inayokamua 1,400, ukiipata kwa waagizaji wa Dubai au ukinunua huko huko Dar.